Breki Hazisomi Karatasi
Mhadhara kuhusu ukaguzi wa magari wa kila mwaka, Butembo na Beni



Gari nitakalolizungumzia kwanza halijafika kwetu. Liko Japani, kwa mtu aliyelinunua likiwa jipya. Sheria ya huko inampa miaka 3 kabla ya ukaguzi wa kwanza, na baada ya hapo analirudisha kila miaka 2. Wajapani wanauita ukaguzi huo shaken, na mzizi wake ni sheria ya mwaka 1951. Kinachouma si ada pekee. Ni orodha ya vitu ambavyo lazima vitengenezwe ndipo gari lipite: viungo vya usukani, mipira ya breki, ekzosi iliyotoboka. Gari likianza kuzeeka mwenyewe anapiga hesabu, anaona ukaguzi unaokuja utakula sehemu kubwa ya thamani iliyobaki, basi analipeleka mnadani. Meli inalileta Mombasa au Dar es Salaam. Kenya haipokei gari lililopita miaka 8. Uganda nayo, tangu 2018, imeyafungia mlango yaliyozidi miaka 15. Lakini sheria hizo haziligusi gari linalopita tu. Linafuata njia ya Kampala na Kasese mpaka Mpondwe, linavuka mto Lubiriha, na sasa liko Kasindi.

Tazameni safari hiyo vizuri. Gari limeuzwa kwa sababu mwenye nalo hakutaka gharama ya kulipima na kulitengeneza. Sasa linakuja kwetu kufanya kazi miaka mingine 15, kwenye vumbi na milima, likibeba watu 7 pale palipotengenezwa kwa ajili ya 5. Kama kuna mahali duniani panapolihitaji gari hilo lipimwe, ni hapa linapomalizia maisha yake.

Pale Kasindi lilikutana na forodha ya DGDA na wakaguzi wa OCC, shirika letu la udhibiti lililoanzishwa mwaka 1974. Walitazama thamani yake na hali yake siku ile lilipoingia. Sitaki kuidharau kazi hiyo. Ila ni ukaguzi wa mlangoni, na gari haliharibikii mlangoni. Linaharibika mwaka wa tatu, mwaka wa sita, wakati karatasi za Kasindi zimekwisha kuliwa na panya.

Kwa hiyo kuna ukaguzi wa kila mwaka, huu tunaouita kontrole tekniki. Nchi yetu inaendeshwa barabarani na Kanuni ya Njia ya mwaka 1978, sheria namba 78/022 ya tarehe 30 Agosti, na shofa anaposimamishwa anaijua orodha kwa moyo: karte roze, permi, asiransi, vinyeti, kontrole tekniki, na vikaratasi vingine ambavyo huongezeka kadiri unavyokaribia mwisho wa mwezi. Naomba tuvitenganishe, kwa sababu kuvichanganya ndiko kulikotuharibia jambo hili.

Karte roze inasema gari ni la nani. Vinyeti ni kodi, inayotokana na sheria ya kodi ya mwaka 1969, na siku hizi inaingia katika mfuko wa jimbo. Asiransi ni lazima tangu sheria ya Januari 1973, na kwa miongo mingi mwuzaji wake alikuwa mmoja tu, SONAS, mpaka sheria ya Machi 2015 ilipofungua soko na kampuni nyingine zikaanza kupewa leseni mwaka 2019. Permi inamhusu shofa. Hizo zote zinaweza kuwa sahihi, mhuri mbichi, tarehe nzuri, na breki zisiwepo. Kontrole tekniki peke yake ndiyo inayodai kuwa mtu fulani aliligusa gari hili na akaona linaweza kusimama. Ikilipwa kama vinyeti, ikabandikwa kama vinyeti na kuulizwa barabarani kama vinyeti, inakuwa kodi nyingine yenye jina zuri.

Mnaniuliza kituo cha kupimia kiko wapi. Ni swali la haki. Lakini nimegundua kwamba wengi wanaouliza hivyo wanatafuta mahali pa kuchukulia cheti, na hapo hawakosi wa kuwaelekeza. Mwenye gari anamtuma mdogo wake na nakala ya karte roze, gari lenyewe liko Oicha linapakia mbao. Saa sita mdogo amerudi na cheti. Gari limepita mtihani ambao halikuufanya. Na mwenye gari anafurahi! Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaolaumu ofisi peke yake. Biashara hii ina pande mbili, na upande wetu huwa unaharakisha zaidi.

Sasa niwakumbushe jambo ambalo mji huu unalijua kuliko miji mingi. Kuanzia tarehe 1 Agosti 2018, Ebola ilipotangazwa katika eneo letu, mpaka tarehe 25 Juni 2020 ilipotangazwa kwisha, tulipimwa barabarani. Pale kwenye kizuizi ulishuka, ukanawa mikono, ukaelekezewa kipima joto usoni. Hakuna aliyekubaliwa kupita kwa kuonyesha karatasi ya mwaka jana kwamba hana homa. Kipimo kilikuwa cha mwili wako, saa ile ile. Watu zaidi ya 2,200 walikufa katika mlipuko ule. Wangekuwa wengi zaidi kama tungekubali kupima kwa mihuri.

Lakini nikikumbusha hilo lazima nikumbushe na lingine. Watu wengi hapa walikataa kupimwa, wengine kwa hasira. Vituo vya matibabu vilichomwa, na Aprili 2019 daktari Richard Mouzoko wa Shirika la Afya Duniani aliuawa hapa Butembo. Sababu zilikuwa nyingi, ila moja mliisema ninyi wenyewe kila siku: kipimo kinanuka pesa ya watu wengine. Yeyote atakayeleta mashine ya kupima magari Butembo au Beni na asilisikie neno hilo, atashindwa. Hatashindwa kwa ufundi. Atashindwa kwa sababu watu wataona kizuizi kipya.

Twende kwenye chuma chenyewe, na tuanze na breki, kwa sababu sisi ni watu wa mteremko.

Butembo iko juu ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Beni, kilomita 54 tu kwenye njia ya taifa namba 2, iko chini yetu kwa zaidi ya mita 500. Kutoka Beni njia namba 4 inaelekea Kasindi, kilomita 80 hivi, ikiingia bonde la Semuliki. Kila kamioni inayotoka huku na kahawa, viazi au mbao inashuka. Chukueni kamioni ya tani 20 pamoja na mzigo wake. Kushuka kwake mita 500 kunatoa nguvu ambayo, ikigeuzwa kuwa joto, ingechemsha karibu lita 290 za maji. Sehemu ya nguvu hiyo inachukuliwa na upepo na injini, kama shofa ana akili ya kushuka na gia ndogo. Inayobaki inaingia kwenye breki. Na hapo sijahesabu vilima tunavyopanda na kushuka tena katikati. Breki zikipata joto kupita kiasi, kitambaa chake kinateleza, pedali inakuwa ngumu na gari haliitikii. Kama ni gari dogo la breki za mafuta, kuna hatari nyingine: mafuta ya breki yana tabia ya kunyonya unyevu, na yakikaa miaka bila kubadilishwa, maji yaliyomo yanageuka mvuke wakati wa joto. Shofa anakanyaga, mguu unaenda mpaka chini, hakuna kitu. Ndipo kwenye maziko tunasema breki zilikatika. Zilikuwa zimekwisha zamani, hapakuwa na aliyezipima.

Mashine ya kituo inafanya nini? Magurudumu ya ekseli moja yanawekwa juu ya jozi mbili za rola zinazozunguka. Shofa anakanyaga breki, na mashine inasoma kila gurudumu linazuia kwa nguvu kiasi gani. Kisha nguvu zote zinajumlishwa na kulinganishwa na uzito wa gari. Uingereza, kwa mfano, breki ya mguu ya gari dogo la kawaida lazima ifike asilimia 50 ya uzito, na kwa magari mapya zaidi 58. Lakini namba ninayoipenda mimi ni tofauti ya kushoto na kulia. Gari linaweza kuwa na breki kali na bado likaua, kwa sababu gurudumu moja linashika na la pili linateleza. Ukikanyaga ghafla linakuvuta bondeni au kwenye kamioni inayokuja. Tofauti hiyo jicho haliioni. Makanika hodari anaweza kuihisi akiliendesha, ila hawezi kuiandika kwa namba na kuisaini.

Chukudu, kile chombo chetu cha mbao cha magurudumu mawili, haina mashine, na mwenye chukudu hana cheti. Lakini anajua kwamba breki yake ni kile kipande cha mpira juu ya gurudumu la nyuma anachokikanyaga, na hateremki kabla hajakitazama. Sijui kwa nini mtu akishapanda cheo kutoka chukudu mpaka Fuso anaacha desturi hiyo.

Taa. Hapa nina malalamiko maalumu, na yanatokana na lile gari letu la Japani. Kule wanaendesha upande wa kushoto. Sisi tunaendesha kulia. Kinshasa imekataza usukani wa kulia zaidi ya mara moja, lakini huku mashariki mwa nchi magari hayo yamejaa na tunaishi nayo, kwa hiyo nitayazungumzia yalivyo. Taa fupi za gari la Kijapani zimetengenezwa zipige mbele na kupanda kidogo upande wa kushoto, ili zimulike ukingo wa njia na wanaotembea kwa miguu. Ukilileta gari hilo Kongo, upande wa kushoto hakuna ukingo: kuna macho ya shofa anayekuja. Kila usiku kati ya Butembo na Beni tunapofushana kwa taa fupi, na kila mmoja anamtukana mwenzake kwamba amewasha taa ndefu. Kituo kina kifaa cha kusoma mwelekeo wa taa. Kazi ya kurekebisha taa moja ni ya dakika chache, na palipo lazima unabadilisha taa nzima.

Basi dogo la Kijapani nalo mlango wake wa kuteleza uko kushoto. Kwao ni upande wa ukingo wa barabara. Kwetu ni katikati ya njia. Mama anashuka na mtoto mgongoni, na hatua yake ya kwanza inaangukia mahali pikipiki zinapopita. Mkaguzi anayefuata kitabu kilichoandikwa Ulaya hatauandika mlango huo, kwa sababu mlango ni mzima kabisa, unafunguka na kufunga. Mkaguzi wa Butembo anatakiwa auandike.

Matairi nitayapitia haraka. Kila tairi lina namba 4 kwenye ubavu, ndani ya kijisanduku: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukiona 2311, limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2011, hata kama muuzaji anaapa kwamba limeshuka jana kutoka Kampala. Ulaya kina cha mistari ya tairi la gari dogo hakiruhusiwi kuwa chini ya milimita 1.6. Hapa kwetu matairi mengi yanayouzwa kama mazima yalitupwa huko kwa sababu hiyo hiyo. Moshi nitauacha leo. Una madhara, ila haujamwangusha mtu mtoni.

Na pikipiki? Ndizo zinazotubeba wengi, na sisemi ziachwe. Lakini kuzidai cheti kama kamioni ni kutafuta pesa tu. Pikipiki inahitaji breki mbili zinazofanya kazi, taa ya mbele na ya nyuma, mnyororo usiolegea, matairi yenye meno. Fundi mmoja mwenye kibali anaweza kuangalia hayo kwenye kituo cha vijana wa taksi-moto wenyewe, kila miezi michache, kwa bei isiyozidi chakula cha siku.

Kuna hoja ninayoisikia sana: barabara zenyewe mbovu, mnapimia nini? Hoja hiyo ilikuwa na nguvu zamani, wakati shimo ndilo lililokuwa breki yetu. Sasa mambo yanabadilika. Tarehe 16 Juni 2021, marais Tshisekedi na Museveni walizindua pale mpakani, Mpondwe, ujenzi wa barabara za lami: Kasindi mpaka Beni kilomita 80, Beni mpaka Butembo 54, na upande wa kusini Bunagana mpaka Goma 89. Kazi imekwenda kwa kuchechemea, vita vikiikatiza, lakini lami inasogea. Gari ambalo jana lilishuka kwa kilomita 25 kwa saa kesho litashuka kwa 80. Nguvu ya kusimamisha gari haiongezeki kwa hesabu ya moja kwa moja: mwendo ukiwa mara tatu, kazi ya breki inakuwa mara tisa. Kwa hiyo anayesubiri lami imalizike ndipo apimiwe gari, amegeuza mambo. Lami bila kipimo itatuua kuliko shimo.

Na kuna vita. Njia ya Kasindi imepitiwa kwa misafara inayosindikizwa na askari, kwa sababu ya mashambulizi ya waasi wa ADF. Gari likifa katikati ya msafara, mwenye gari si yeye tu aliyekwama. Walio nyuma wanasimama, askari wanalazimika kugawanyika, na wote wanakaa porini wakisubiri mtu afunge waya kwenye bomba la mafuta. Mwenye gari bovu anayeingia katika msafara anaweka rehani roho za watu asiowajua. Ningekuwa na uwezo wa kuanzisha ukaguzi wa lazima mahali pamoja tu, ningeuanzisha hapo: gari lisilopimwa haliingii katika msafara.

Sasa nani apime? Wenzetu wamejaribu njia tofauti, na makosa yao ni ya bure kwetu.

Uingereza ilianza Septemba 1960. Haikuanza na kila gari. Ilianza na yaliyofikisha miaka 10, na ilitazama vitu vitatu tu: breki, taa na usukani. Matairi yaliongezwa baadaye, mwaka 1968. Magari mengi sana yalianguka, kiasi kwamba umri ulishushwa upesi mpaka miaka 7, na kufikia 1967 ukawa miaka 3. Hawakujenga majumba ya serikali. Waliwapa kibali makanika wa kawaida, na leo vituo vyao vinazidi 20,000, pengine kimoja kila mtaa, na serikali imeweka bei ya juu isiyopitwa, pauni 54.85 kwa gari dogo. Ubaya wake mnauona: anayepima ndiye anayetengeneza. Wafaransa walipoanza tarehe 1 Januari 1992 walikataa jambo hilo; anayepima haruhusiwi kushika spana. Ubaya wa njia hiyo nao ni kwamba inahitaji majengo na mashine za peke yake, na hilo ni ghali kwa mji mdogo.

Majirani zetu wa Uganda waliikabidhi kazi hiyo mwaka 2015 kwa kampuni ya Uswisi, SGS. Vituo vilikuwa vichache na wenye magari wakalalamikia ada na umbali, wabunge wakapiga kelele, na baadaye vituo vikarudi mikononi mwa serikali. Rwanda ilianza na kituo kimoja cha polisi, Remera mjini Kigali, watu wakipanga foleni kutoka kila mkoa. Ikaongeza Huye, Musanze na Rwamagana, na kabla ya hapo ilikuwa na mashine iliyopakiwa kwenye gari, inayozunguka mikoani. Najua jina hilo halipendezi masikioni mwenu siku hizi, na sababu ninazijua. Nimelitaja kwa ajili ya ile mashine ya kuzunguka.

Mashine ya namna hiyo ndiyo inayotufaa. Hatuhitaji jumba Butembo na jumba lingine Beni na la tatu Kasindi, kila moja na mkurugenzi wake. Mashine moja ya kuzunguka, yenye rola za breki na kifaa cha taa, ikikaa juma moja hapa, juma lingine Beni, kisha Kasindi, Oicha na Lubero pale usalama unaporuhusu, inaweza kuanza na kamioni na magari ya abiria peke yake. Magari ya nyumbani yasubiri. Kwa upande wa kupima na kutengeneza nachagua njia ya Wafaransa, na sababu yangu si ya Kifaransa. Hapa sote ni ndugu. Makanika akikuambia gari lako limeanguka na papo hapo akuuzie kipuri, utaamini amekuangusha kwa ajili ya kipuri. Akilipitisha, abiria wataamini amekupitisha kwa sababu wewe ni shemeji yake. Mtengeneze popote, apime mtu asiyefaidika na jibu lolote.

Zamani tungejibiwa kwamba mambo haya yanaamuliwa Goma. Goma ilitekwa na waasi wa M23 tarehe 27 Januari 2025, njia ya kusini imekatika, na uongozi wa jimbo umehamia Beni. Ni msiba, wala sifurahii. Lakini kwa sasa wenye mamlaka ya kusaini kibali cha kituo wanaishi kilomita 54 kutoka ukumbi huu, na wao wenyewe wanapita njia hiyo hiyo pamoja na kamioni zetu.

Mpaka mashine ifike, mnaweza kukitambua kituo cha kweli kwa maswali manne. Je, gari lilikuwepo? Je, lilipandishwa kwenye mashine, au angalau mtu alishuka chini yake na taa na chuma cha kutikisia viungo vya usukani? Je, karatasi uliyopewa ina namba, au ina mhuri tu? Na je, unamjua mtu yeyote ambaye gari lake lilikataliwa pale? Hilo la nne ndilo kubwa. Kituo ambacho hakijawahi kuangusha gari hakijawahi kupima gari, na pesa yako ulimpa mwandishi.

Kwa wenye gari moja wasioweza kusubiri, kazi ya Jumamosi inatosha. Simamisha gari kwenye mteremko, vuta breki ya mkono, toa gia, tazama kama linasogea. Kanyaga pedali ya breki kwa nguvu na uihesabie sekunde 30. Ikizama polepole, kuna mahali panavuja. Kwenye uwanja tambarare, kwa mwendo mdogo, achia usukani kidogo ukikanyaga, uone linavuta upande gani. Usiku lisimamishe mita 5 kutoka ukutani, washa taa fupi, uone mwanga unapanda upande gani. Kwa kamioni za breki za upepo, fungua vali chini ya matangi kila asubuhi utoe maji. Ninyi wa huku juu mnaoona ukungu mpaka saa tatu mnayapata mengi. Makanika akushushie magurudumu ya mbele mara mbili kwa mwaka. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji mhuri.

Ninalowaomba ni hili. ACCO, chama cha mashofa, na ninyi wenye kamioni, msipeleke tena karatasi bila gari. Mkikataa ninyi, biashara ya vyeti itakufa ndani ya mwaka mmoja kwa kukosa wateja. Kampuni za asiransi zinazolitaka soko la Butembo na Beni zishushe bei kwa gari lenye namba za breki zilizoandikwa, kwa sababu wao ndio watakaolipa likianguka. Wakuu wa jimbo walioko Beni waweke bei ya juu ya ukaguzi na waibandike hadharani, kwa franka, kabla mashine haijanunuliwa. Na ninyi abiria, kabla hamjapanda kwenda Beni kesho asubuhi, mwulizeni shofa ni lini mara ya mwisho gari hili lilipandishwa kwenye mashine, au angalau mtu alishuka chini yake. Akikuonyesha cheti badala ya kukujibu, ngojeni gari linalofuata.